Siku Matajiri Walipotazamishwa Maji

Siku ninayotaka kukusimulia, mjukuu wangu, ilikuwa siku ya mbalamwezi. Ninaanza na mwezi kwa makusudi. Usipojua mwezi ulikuwaje, hutaelewa kwa nini tulishinda.

Sisi watu wa dagaa tulikuwa tunaishi kwa mwezi. Kukiwa na giza, taa ya karabai inang'aa juu ya maji, dagaa wanaifuata, wavu unapandishwa mzito. Mwezi ukipevuka, dagaa hana haja na taa ya mtu, mwanga anao ziwa zima. Basi vipe vinavutwa nchi kavu. Kipe ni ile mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, wavu ukikaa katikati. Siku hizi mnaviona bado, ila taa ni za betri. Wakati wa mbalamwezi watu wanashona nyavu, wanaoa, wanagombana na wake zao, wanakwenda Katonga kutembea tu bila shughuli. Wakati wa giza ni kinyume chake. Mchana wanaume wote wamelala kama magogo, na wanawake wako kwenye kokoto za mwalo, ufukwe wa kushushia samaki, wanaanika. Ukiitisha mkutano saa nne asubuhi wakati wa giza, utahutubia mbuzi.

Na ndivyo alivyofanya Bwana Soksi.

Jina lake lilikuwa jingine, lakini tulimwita Soksi kwa sababu alivaa soksi na viatu vya kamba kwenye mchanga wetu, jua likiwaka. Alikuwa Mtendaji wa kijiji. Kijiji chetu kiko kusini mwa Kigoma, upande wa kwenda Ilagala, na enzi hizo kukifika ilikuwa kwa mashua tu. Mwenyekiti tulimchagua wenyewe, tena alikuwa mtu mwema, ila alikuwa mzee wa kusinzia. Kazi yote ilikuwa kwa Mtendaji, na Mtendaji aliletwa. Siku moja tu mashua ilimshusha na begi lake, tukaambiwa, "Huyu ndiye," tukasema karibu.

Nisimseme vibaya. Hakuwa mwizi wala mlevi. Shida yake ilikuwa shingo, ilikuwa imegeukia mjini siku zote. Akisikia injini ya mashua ya wakubwa, anatoka ofisini mbio, anafunga vifungo njiani. Akisikia mama analia nje ya ofisi, anafunga dirisha. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Aliyempa kazi alikuwa mjini, na wa kumnyang'anya alikuwa hukohuko mjini. Sisi tulikuwa kama hali ya hewa kwake, anatuvumilia.

Ile ilikuwa miaka ya wakimbizi. Ng'ambo ya ziwa kuliwaka, na kaskazini kwa Warundi kuliwaka pia. Watu walikuja kwa mitumbwi ya kila namna, mingine huwezi kuamini ilivuka ziwa lile. Wanashuka na godoro, na mtoto, na jogoo. Wengine tuliwajua, maana mama yangu mdogo aliolewa upande wa pili na ziwa letu halikuwa ukuta hata siku moja. Tuliwapikia ugali wa muhogo na dagaa wa mawese, wakapumzika, halafu wakachukuliwa kupelekwa kambini. Wengine walibaki siku nyingi mwaloni wakingoja usafiri.

Sasa wakubwa wakaingiwa na hofu, na hofu yenyewe haikuwa ya bure, kulikuwa na watu wenye bunduki wanaopita majini. Wakatuma neno vijijini: je, mtakubali kusimamisha uvuvi wa usiku kwa ajili ya usalama? Waliuliza, mwanangu. Hilo tulikuja kulijua baadaye. Waliuliza. Bwana Soksi akaitisha mkutano saa nne asubuhi, wakati wa giza. Tumelala. Wakaja watu wachache sana, wawili kati yao wakiwa wamekuja kuuliza dawa. Akasimama akasoma, akauliza kama kuna mwenye kupinga, mbuzi hakupinga. Akapeleka jibu mjini kwamba wananchi wameafiki.

Siku chache baadaye tukaamka jioni, tunabeba taa kwenda majini, tunakuta askari mwaloni. "Rudini. Mmekubali wenyewe."

Wewe hujawahi kuona kijiji cha dagaa bila dagaa. Kokoto zikawa nyeupe, safi, zinatia huzuni. Kina mama wakakaa na fagio zao hawana cha kufagia. Mchana tulijaribu ndoano, tukapata migebuka wa kuhesabika, tena wageni wetu nao wanatutazama mikononi. Watu wakaanza kunywa uji mara moja kwa siku. Watoto wakaacha kukimbizana. Mtoto akiacha kukimbia, ujue nyumba imekwisha.

Vijana tukakutana nyuma ya kibanda cha nyavu. Mimi nilikuwa na mabega wakati huo, usiniangalie leo. Shauri letu lilikuwa fupi: tumbebe Soksi, tumtie mtumbwini na begi lake, tukamshushe Kigoma gatini mbele za watu, turudi. Tukakubaliana hata nani ashike miguu.

Bi Tabu akatusikia. Huyu alikuwa mama mkubwa wa waanikaji, mtu wa Ujiji kwa asili, mweusi mwembamba, mdomo wake ungeweza kukata kamba ya nanga. Akaingia palepale na fagio mkononi.

"Nani anashika miguu?" akauliza.

Tukamtazama kijana tuliyempangia miguu.

"Si mseme! Mabega yote haya! Mtamtupa, halafu?"

"Tutakuwa tumemtoa, Bi Tabu," nikajibu mimi.

"Na kesho mashua italeta mwingine. Amevaa soksi rangi nyingine. Huyo naye mtambeba? Mtakuwa wapagazi wa watendaji mpaka mzeeke?" Akaniangalia mimi hasa. "Wewe, ulipomchagua mkuu wa kipe chenu, mlimpata wapi?"

"Tulimchagua wenyewe."

"Kwa nini hamkuletewa kutoka mjini?"

Tukacheka wote, maana wazo lenyewe lilikuwa la kichekesho. Mkuu wa kipe ndiye anayesema washeni, zimeni, pandisheni, turudini. Uhai wenu uko mdomoni mwake. Kwetu mwenye kipe ni tajiri, lakini mkuu wa kipe huchaguliwa na wavuvi wenyewe kabla ya msimu, na akiwapeleka vibaya wanamkalisha nyuma, wanamweka mwingine. Ilikuwa hivyo tangu babu zangu.

"Basi," akasema, "majini mna akili, nchi kavu mmelala. Msimtupe mtu. Daini kiti, mchague wenyewe wa kukikalia." Akamwelekezea fagio kijana aliyepangiwa miguu. "Na wewe kanawe, unanuka."

Hilo ndilo karipio lililonigeuza, mwanangu. Nimekaripiwa na wengi, na mwalimu wangu wa darasa la tatu alinikaripia mpaka nikaacha shule, lakini la Bi Tabu ndilo pekee lililonifaa.

Tukamwamsha Mwenyekiti, tukaenda naye na Bi Tabu kwa Katibu Tarafa. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, anajua kucheka bila kukubali.

"Mwenyekiti mnachagua," akasema. "Mtendaji analetwa. Ndiyo utaratibu, wazee wangu."

Bi Tabu akamjibu, "Bwana Tarafa, shikamoo yako sina maana wewe ni mwanangu. Lakini niambie. Mtu akila chakula changu, akilala kijijini kwangu, akisema kwa mdomo wangu kwamba mimi nimekubali kufa njaa, mtu huyo ni wa nani?"

Tarafa akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akachezea kofia yake. Mwisho akasema, "Sikilizeni. Kijiji kinaweza kunipa jina, nami nitalipeleka kwa wakubwa na kulisemea. Soksi... samahani, Mtendaji wenu, naye atasimama. Mkimtaka, abaki. Msipomtaka, tutaona. Nitakuja wiki hii."

"Wiki hii ni giza," Bi Tabu akasema.

"Si mmekatazwa kwenda majini?"

"Miili haijaambiwa. Tunalala mchana bado. Utakuja mbalamwezi."

Na mbalamwezi akaja.

Sasa nani wa kusimama upande wetu? Wengi walimtaka Bi Tabu, akakataa, akasema yeye mdomo wake ni wa kugombeza, si wa kutawala. Akamtaja Joha. Joha alikuwa binti wa pale mwaloni, amemaliza la saba, anaongea Kiha kama bibi zake na Kirundi kama wageni. Yeye ndiye aliyekuwa akigawa sehemu za kuanikia kila asubuhi, nani aanike wapi, na kina mama wenye vinywa vile walimkubali. Mwenye kugawa kokoto bila kupigwa anaweza kugawa nchi. Wapo waliosema mwanamke hawezi. Bi Tabu akawauliza nani aliwalea, wakatafuta shughuli nyingine.

Tatizo halikuwa hilo. Tatizo lilikuwa Tajiri Songoro. Huyu ndiye aliyekuwa na vipe vingi kuliko wote, pamoja na nilichokuwa ninavulia mimi. Vipe vyake vilikaa bure kama vya wengine, lakini alikuwa na mashua ya injini inayobeba watu na mizigo mchana, na Soksi alikuwa anamwitia kazi zote za kubeba. Yeye hakulala njaa. Asubuhi ya siku ile akapita kwenye vibanda vyetu taratibu, ameshika bakora.

"Vijana wangu," akasema, "Mtendaji tumemzoea. Leo kura ni ya mstari. Nitaona mgongo wa kila mtu." Akatabasamu. "Kazi ikirudi, nitawakumbuka wote."

Umeelewa hapo? Kura ya mstari ni wagombea wanakaa, watu wanapanga foleni nyuma ya wanayemtaka. Kila mtu anakuona. Mvuvi asiye na kipe ni mtu aliyesimama ufukweni tu. Mwenzangu mmoja akaninong'oneza, "Mimi nina watoto, bhana," na sikumlaumu.

Watu wakajaa mwaloni. Sijaona kijiji chetu kikijaa vile, mpaka wa mashambani juu huko walishuka. Wageni kutoka ng'ambo wakakaa pembeni kwenye magodoro yao wakitazama. Viti viwili vikawekwa karibu na maji, Soksi akakaa kimoja, Joha kingine, wakaambiwa watazame ziwa ili wasione nani anasimama nyuma. Tajiri Songoro na matajiri wenzake wakaletewa viti vizuri pembeni, wakakaa wakitutazama sisi. Bakora juu ya magoti.

Tarafa akanyanyua mkono aanze, na Bi Tabu akapita katikati.

"Bwana Tarafa, hawa wagombea kwa nini wanatazama maji?"

"Ili watu wasiogope, mama."

"Sisi hatumwogopi Joha. Joha tumemwosha pua. Soksi naye hana kipe." Akageuka akawaonyesha matajiri. "Wenye kuogopwa ni hawa hapa. Na wao watazame maji."

Halafu mtu nyuma akacheka, na mwingine, na mwalo mzima ukaangua kicheko, hata wageni waliotafsiriwa maneno hayo wakacheka. Songoro akasimama.

"Mimi? Nitazame maji kama mtoto aliyeadhibiwa?"

"Maji yenyewe mazuri, tajiri," akasema Bi Tabu. "Yamekulisha. Kayaangalie kidogo."

Tarafa alikuwa anajifuta machozi ya kucheka, lakini alipozungumza sauti yake haikuwa na mzaha. "Geuzeni viti."

Viti vikageuzwa. Wazee wenye vipe, wenye nyumba za bati, wote wakapangwa mstari mmoja wakitazama Kongo, mgongo kwetu. Wallahi, mpaka leo nikiwa na huzuni nakumbuka zile kofia zimepangika.

"Haya, sogeeni," Tarafa akasema.

Mwaloni kwetu hakuna mchanga mwingi, ni kokoto. Kokoto husema chini ya mguu. Tukaanza kutembea. Hatukusema neno, hata watoto hawakusema, ila kokoto zilisema, krrr, krrr, krrr, kama nyavu nzito zinavutwa. Na zote zilikuwa zinakwenda upande mmoja. Niliangalia shingo ya Songoro. Alikuwa anasikia. Aliinamisha kichwa kidogo upande, kama mvuvi anayesikiliza upepo, halafu mabega yakashuka. Yule mwenzangu mwenye watoto alikuwa mbele yangu kwenye mstari wa Joha. Anatetemeka, lakini yupo.

Pembeni yangu alikuwa mzee mmoja wa Kirundi, ameketi juu ya sufuria lililopinduliwa. Akanishika suruali.

"Mugenzi, ndugu yangu, huyu binti anapata ukubwa kwa nyinyi kusimama nyuma yake? Basi?"

"Ego, ndiyo," nikamwambia. "Basi."

"Na akiharibu?"

"Tunaondoka nyuma yake."

Akatikisa kichwa muda mrefu. "Ni nyayo tu," akasema. "Laiti kwetu wangesikiliza nyayo tu."

"Geukeni!" Tarafa akaita.

Joha akageuka akaona mstari unaopanda mpaka kwenye michikichi, akajifunika uso kwa kanga. Soksi akageuka. Nyuma yake alikuwa mpishi wake, na mtu wa baiskeli aliyemdai. Akaangalia. Mimi niliona huruma, sikutegemea. Akakaa, akainama, akafungua kamba za viatu. Akavua viatu, akavua soksi, akazitia ndani ya viatu vizuri. Ndiyo mara ya kwanza tukaona vidole vyake. Akatembea juu ya kokoto peku, anachechemea, anasema ah, ah, mpaka mwisho wa mstari wa Joha, akasimama.

"Nimeishi hapa," akasema. "Na mimi nina haki."

Shangwe iliyopigwa, mwanangu! Vigelegele mpaka ndege waliokuwa juu ya miamba wakaruka. Songoro alibaki kwenye kiti chake anatazama maji, amesahaulika, mpaka mjukuu wake alipokwenda kumwambia, "Babu, imekwisha."

Na Songoro hakumnyang'anya mtu kazi. Angemnyang'anya nani? Wote!

Tarafa alitimiza neno, akalipeleka jina na kulisemea, na wakubwa wakalikubali. Joha akaenda mjini na wakuu wa vipe. Hakwenda kulia. Aliwaambia: mnaogopa watu msiowajua majini, sisi tunajuana. Kila kipe kitaaga mwaloni na kitaitwa kwa jina kikirudi, na taa zetu zikiwa nje, mtu mwenye bunduki atapita wapi asionekane? Giza ndilo lao, siyo letu. Wakamsikiliza. Labda kwa sababu hakuwa anaongea kwa kuazima mdomo.

Alirudi jioni kwa mashua, hiyohiyo ya Songoro. Mwezi ulikuwa umekwisha. Tulisimama mwaloni tunamtazama usoni kutoka mbali, hatujui. Mashua haijafika hata, akasimama mbele, akapaza sauti.

"Washeni karabai!"

Jua lilikuwa bado halijazama vizuri. Tukawasha hivyohivyo, taa mchana, hatukuweza kungoja. Vipe vyote vikaingia majini kwa pamoja, na giza liliposhuka ziwa likawa kama mji. Wageni kwenye magodoro wakasimama kutazama. Asubuhi kokoto zilikuwa za fedha tupu, na watoto wakakimbizwa kwa fagio kwa kuwakanyaga dagaa. Walikuwa wanakimbia, umesikia? Walikuwa wanakimbia.

Joha alikosea pia, nisikudanganye. Aliweka vyoo vya wageni upande upepo unakotoka, tukala na kunusa. Tukamwambia kwenye mkutano wa mbalamwezi, akaona aibu, akavihamisha. Soksi angesema ngoja niulize mjini, tungenusa mpaka leo. Huyo Joha ndiye bibi anayekukaangia migebuka hapa mjini Buzebazeba na kunikataza chumvi. Kura nilimpa kwanza, ndoa ilikuja baadaye. Usichanganye.

Sasa nakwambia kwa nini nimesimulia haya. Juzi ulisema hapa barazani, "Mtendaji analetwa tu, sisi tutafanya nini?" Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na chakula mdomoni. Jibu langu ni hili. Mwanangu, anayeshika shughuli za maisha yako, maji yako, njia yako, soko lako, dai awe mtu aliyeipata kazi hiyo mkononi mwako, ili ajue mkono wa kumwondoa uko wapi. Usimchukie aliyeletwa, mtu mwenyewe hana kosa, ibadilishe njia anayoingilia. Usikubali kuchagua huku mwenye nguvu anakukodolea macho. Mgeuze kwanza atazame maji. Na ukishachagua, usirudi kulala. Nenda mkutanoni. Wakiuitisha saa mbaya, sema saa ni mbaya, wapange nyingine. Mara ile kijiji chetu kiliuzwa kwa sababu tulikuwa usingizini, kikakombolewa kwa miguu yetu wenyewe.

Mungu akupe miguu isiyotetemeka, na ikitetemeka, iende hivyohivyo kama ya mwenzangu. Akupe uongozi utakaoweza kuuita kwa jina ukakuitikia. Taa yako isizimwe na mtu ambaye hukumtuma, na watoto wako wakimbie mwaloni mpaka wakugombeze wewe kwa kuwazuia. Amina. Haya, nyanyua hilo jamvi, bibi yako anaita.